Kwa Nini Maji ya Kasubuya Hukimbia Kivuli

Mwenye kiu anywe sasa, na mwenye kikohozi akohoe amalize, maana habari ya Kasubuya haikatizwi katikati. Waliotusimulia sisi walikuwa wakali kwa jambo hilo, nasi tumewarithi.

Zamani hizo ziwa Kasubuya halikuwa na rangi. Mtu aliyesimama kwenye maji ya magotini aliona kucha za miguu yake, akaona na chumvi ilivyotandaa chini yake. Samaki hawakuishi humo, nyasi hazikuota humo, hata ndege hawakutua. Lilikuwa ziwa dogo tu. Mtu wa ng'ambo akikuita ungemsikia, ila kumwona vizuri ilikuwa kazi kwa jinsi maji yalivyometameta.

Lakini lilikuwa hai, na chakula chake kilikuwa mwanga wa jua. Asubuhi jua lilipochomoza, maji yalitoa sauti ndogo ya kunyonya, kama mtoto mchanga aliye kifuani. Watu waliokuwa wakienda kazini waliisikia wakasema, "Ziwa linakunywa uji," wakapita zao. Hawakuliogopa, kwa sababu walizaliwa wakaikuta sauti ile, na mtu haogopi kitu alichokikuta.

Watu wa Kasubuya walikuwa watu wa chumvi. Walichimba vijishamba vya maji kwenye kina kifupi kando ya ziwa, wakavizungushia matuta ya udongo, na kila kimoja wakakiita jaruba. Maji yaliingia katika jaruba, jua likayakausha, chumvi ikaota. Taabu yao ilikuwa upepo, maana nchi ile ina upepo na upepo wake una vumbi. Chumvi iliyoingiwa na vumbi huwa ya kijivu, na watu wa Kasubuya, Mungu awasamehe, hawakuweza kabisa kuvumilia chumvi ya kijivu. Wageni waliokuja na punda kubadilishana mtama kwa chumvi waliisifu kwa weupe wake, na sifa ile iliwaingia kichwani ikakaa huko. Kwa hiyo walifunika. Chumvi ilipoanza kuota walipigilia vigingi vifupi ndani ya jaruba, wakatandaza ngozi za ng'ombe juu yake, wakaliziba mpaka siku ya kuvuna.

Mwanzoni walifunika siku chache. Kisha jirani mmoja akafunika mapema akapata chumvi nyeupe kuliko ya wenzake, na mnawajua majirani. Kila nyumba ikafunika mapema kuliko nyumba ya pili, hata ikawa majaruba yanakaa gizani kiangazi kizima. Chumvi ilikauka polepole kwa joto la ngozi, lakini ilikauka nyeupe. Hakuna aliyelalamika isipokuwa ziwa, na ziwa halikuwa na wa kumlalamikia.

Chini ya ngozi zile mtu mzima hakuenea. Walioingia ni watoto. Walitambaa kwa matumbo katika maji ya vifundoni, kila mmoja na kibao chake cha mti, wakaikwangua chumvi gizani na kuisukuma ukingoni, ambako mama zao waliipokea. Ilikuwa ndiyo kazi ya watoto, kama kwingine watoto wanavyochunga mbuzi. Na humo ndani waliimba, ili mama zao wajue walipo. Mpita njia wa mchana wa jua kali angesikia nyimbo zikitoka huku na kule chini ya ngozi, na mbele yake asione mtu hata mmoja.

Katika watu hao alikuwepo mjane mmoja aliyeitwa Nkwimba, na mtoto wake pekee, msichana, aliitwa Milembe. Nkwimba alikuwa fundi wa ngozi. Kwa msharasi wake, ile sindano nene ya kutobolea, aliweza kuunga ngozi mbili ukapitisha kidole juu yake usijue zilikutana wapi. Aliringa kidogo kwa hilo, na haki ya kuringa alikuwa nayo. Milembe alikuwa na pengo mbele na maneno mengi mdomoni, mtoto wa kujibu kabla hajaulizwa. Mama yake alimpenda kupita kiasi na kumkaripia kupita kiasi, kama walivyo wenye mtoto mmoja.

Basi mwaka mmoja Lugembe, mzee aliyesimamia kazi ya chumvi, alikwenda nyumbani kwa Nkwimba. Aliketi, akapewa maji, akasema haja yake.

"Binti yangu, ngozi hizi moja moja zinaacha mianya, na vumbi linapita. Unaweza kuziunga zote ziwe ngozi moja?"

"Naweza, baba. Niletee kano za kushonea za kutosha tu."

"Utaletewa mpaka uchoke."

Nkwimba alishona kwa miezi. Ngozi za kijiji kizima zilipita mikononi mwake zikawa ngozi moja, na siku ilipotandazwa ilifunika majaruba yote, ikavuka matuta ya mwisho, ikafunika na sehemu kubwa ya ziwa lenyewe. Lugembe aliingiza kichwa chini yake, akatazama juu kutafuta hata kitundu kimoja cha mwanga. Hakukiona. Alipotoka alimshika Nkwimba mkono mbele ya watu wote, na wanawake wakapiga vigelegele. Asubuhi iliyofuata ile sauti ya kunyonya haikusikika, na watu wengi walidhani wamechelewa kuamka.

Ajabu ilianzia kwa watoto. Walitoka kazini jioni wamepauka. Walikaa kando ya moto bila kusema neno, macho kwenye miali, na upepo ulipoulaza moto upande mmoja, nyuso zao nazo zililala upande huo huo. Milembe aliacha maneno yake. Mama yake alipomwekea ugali, mtoto aliupapasa akaukosa, akapapasa udongo, macho yakiwa motoni.

"Milembe, kula basi."

"Nimeshiba, mayu." Mayu ndiyo mama kwa lugha ya kwao. "Nilikula jua wakati tunatoka."

Nkwimba alicheka. Kesho yake akamsimulia jirani, wakacheka wote wawili, maana watoto wana vituko vyao.

Lakini hakucheka siku ya mapumziko. Siku hiyo alitoka nje akakuta watoto wote wamekaa uwanjani, na hawachezi. Walikuwa wameelekeza nyuso juani. Jua liliposogea, nyuso zikasogea, zote kwa pamoja, taratibu, bila mtu kuwaamrisha. Mbwa waliokuwa wamelala uwanjani waliinuka mmoja mmoja wakaondoka. Nkwimba alimwita binti yake na hakuitikiwa. Alipomshika bega alilikuta baridi, baridi ya kisima, ingawa alikuwa amekaa juani tangu asubuhi. Vidoleni mwake ilibaki chumvi. Alipata hofu wakati huo, lakini mavuno yalikuwa karibu, na alijiambia kwamba mavuno yakiisha mtoto atapumzika. Wangapi tumejiambia maneno ya namna hiyo.

Sasa niwaambie lililokuwa likitendeka huko chini. Ziwa lilikuwa na njaa. Halikuwa na ubaya wowote, lilikuwa na njaa tu, na mwanga pekee uliofika huko chini ya ngozi ulikuwa ule ambao watoto waliingia nao, ule uliobaki machoni na kwenye ngozi zao baada ya kutoka juani. Ziwa liliulamba. Kila siku lililamba kidogo, kama mtu anayelamba mwiko sufuria ikiwa tupu. Na pengo la kile lilichochukua lililijaza kwa kitu chake, ndiyo maana watoto walitoka humo na njaa ya ziwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua la utosi. Kina mama walikuwa wamekaa ukingoni wakisubiri chumvi, na nyimbo zilikuwa zikitoka chini ya ngozi kama kawaida. Kisha Nkwimba alisikia kwamba nyimbo zote zimekuwa wimbo mmoja. Sauti zote zikawa sauti moja, nyembamba, iliyonyooka, na haikukatika. Alisubiri ikatike ili watoto wavute pumzi. Haikukatika. Alitazamana na mwenzake, na mwenzake alikuwa ameshashika kifua. Sauti ikazidi kuwa nyembamba hata wakawa hawajui kama wanaisikia au wanaikumbuka, na hapo ndipo ilipokoma.

Nkwimba alichukua kisu akaipasua ngozi aliyoishona kwa mikono yake. Chini yake hapakuwa na mtoto. Vibao vilikuwa vikielea, vyote, vimetulia. Na maji yalikuwa yamegeuka rangi, mekundu kwa namna ya zambarau iliyoiva ikapasuka. Mwanga ulipoingia kwenye mpasuko ule, wekundu ulikuja mbio kutoka kila upande wa giza, ukajikusanya pale penye mwanga, ukabaki hapo ukitetemeka.

Waliiondoa ngozi yote. Walipekua majaruba kwa mikono, wakavunja matuta, wakaingia ziwani mpaka shingoni. Hawakupata mwili, wala nywele, wala ushanga. Vilio vya siku ile siwezi kuvieleza na sitajaribu.

Watu waliomboleza bila kuzika, jambo ambalo linamla mtu vibaya. Kulikuwa na baba mmoja, Shigela, ambaye mkewe hakuweza kuinuka kitandani wala kwenda ziwani. Shigela alichota maji mekundu kwenye kibuyu, akakiziba kwa kizibo, akakifunga ndani ya ngozi laini, akampelekea mkewe akisema, "Nimemleta nyumbani." Mwanamke alikilaza kibuyu ubavuni pake. Kesho yake walipokifungua, kilichokuwemo kilikuwa cheusi kama masizi, na kilinuka yai lililooza. Shigela alikirudisha ziwani akakimwaga, na ule weusi ukazama kwenye tope.

Mzee Lugembe, ambaye mjukuu wake wa pekee alikuwa miongoni mwa watoto wale, hakula wala hakunyoa. Baada ya siku kadhaa aliwaita watu, akawaambia shauri lake. Ziwa limewameza watoto. Na likae gizani, lifunikwe ukingo hadi ukingo, pasibaki hata ufa. Likishikwa na njaa kweli kweli litaachia kilichomo tumboni. Watu walikubali, kwa sababu hakuna aliyekuwa na shauri jingine. Nkwimba alipewa kazi ya kuziba mpasuko wake na kuongeza ngozi mpaka itoshe ziwa zima.

Aliianza kazi ile hapo hapo kando ya maji, na nia yake ilikuwa ile ile ya wenzake, kumtoa Milembe. Alichukua ngozi, akaiinua juu kuangalia mshono kwa mwanga wa jua, na kivuli cha ngozi kikaangukia ziwani. Hapo akaona wekundu unakimbia. Ulitoka ndani ya kivuli ukaacha maji matupu yenye umbo la ngozi, pembe zake zote, hata pale palipokuwa na mkia. Aliishusha ngozi, wekundu ukarudi. Akaiinua, ukakimbia. Nkwimba alikuwa mtu wa ufundi, na fundi akiona kitu kinafanya jambo lile lile kila mara, hawezi kukiacha hivi hivi. Alitandaza kipande cha ngozi juu ya vigingi, akakitoboa kwa msharasi tundu huku na tundu kule. Chini ya kila tundu, penye doa dogo la mwanga, wekundu ulijaza nukta. Alipokisogeza kipande kidogo tu, nukta zote zilisogea zikafuata matundu yao.

Alichota maji kiganjani akayatazama kwa muda mrefu. Yalikuwa na punje ndogo kuliko unga, ndogo hata jicho lilikataa kuzihesabu, na zote zilikuwa zikijisogeza upande wa kiganja uliopata jua. Ndipo akafahamu. Ziwa halikuwameza watoto likawamaliza. Liliwagawa. Kila mtoto aligawanywa vipande visivyo na idadi, na kila kipande kikapewa jicho lake, na kila jicho likapewa njaa yake. Walikuwemo. Walikuwa wakila jua, na giza lilikuwa linawaua, kama lilivyoua kile kilichokuwa kibuyuni kwa Shigela.

Mtu yeyote angefanya alilofanya baada ya hapo. Alichukua kipande kingine akakitoboa tundu moja tu, akainama pembeni, akaita, "Milembe." Nukta nyekundu ikajaa pale penye mwanga, ikatetemeka, na moyo wake ukaruka. Akaita tena, ikaja tena. Kisha, sijui kwa nini, labda kwa sababu alikuwa fundi, alilihamisha tundu akaita jina la mtoto wa Shigela. Nukta ikajaa vile vile. Alilihamisha tena, na safari hii hakuita jina lolote, alikaa kimya kabisa. Ikajaa vile vile. Basi hawakuwa wakija kwa ajili ya sauti ya mama yeyote. Hapo ndipo alipolia kilio alichokuwa amekizuia tangu siku ya kwanza.

Alimwendea Lugembe jioni hiyo na macho yake mekundu.

"Baba, wamo. Wote wamo humo, na wanaishi kwa mwanga. Tukifunika tunawaua mara ya pili. Umeona kibuyu cha Shigela."

"Nimekiona," mzee akasema. "Kile kilichooza ni ziwa. Likioza lote litawaachia."

"Lisipowaachia?"

Lugembe alikuwa akiviringisha kibao kidogo cha mti mapajani, kibao cha mjukuu wake.

"Basi nitakuwa nimepata kaburi, Nkwimba. Sasa hivi hata kaburi sina."

Nkwimba alikataa kushona. Wengine walishona badala yake, vibaya, kwa haraka, lakini walishona. Siku ya kufunika watu wote walikuja, wamejipanga pande zote za ziwa, na ngozi ikavutwa kutoka kaskazini, kusini na mashariki. Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa magharibi. Kadiri ngozi ilivyosonga mbele, wekundu ulikimbilia sehemu iliyobaki wazi, na kadiri sehemu ile ilivyopungua ndivyo wekundu ulivyozidi kuwa mzito, hata ukawa kama damu iliyoganda. Ulibaki ukanda mmoja wa maji mbele ya ukingo wa magharibi. Maji ya ukanda ule yalichemka bila moto. Watu waliokuwa wakiivuta ngozi kutoka ukingo huo waliinamia wakatazama, lakini hakuna aliyeacha kuvuta.

Nkwimba aliingia majini akasimama katikati ya ukanda ule, jua likiwa mgongoni, akanyoosha mikono ili ngozi isipite. Kivuli chake kikaanguka mbele yake. Wekundu ulipasuka pande mbili ukakikwepa, ukaacha juu ya maji umbo la mwanamke, jeupe, lenye mikono iliyonyooshwa. Maji ndani ya umbo lile yalikuwa kama ya zamani, akaona chumvi ya chini na kucha zake. Kingo za umbo hilo zilikuwa zikisukumwa na wekundu kila upande, na hakuna punje iliyovuka kuingia.

Kisha sauti ikatoka ukingoni mwa kivuli, karibu na pale penye kivuli cha mkono wake wa kulia. Haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtoto aliye na shughuli yake.

"Mayu, umenikinga jua. Sogea kidogo."

Hakuisikia peke yake. Kila aliyekuwa ameinama juu ya ukanda ule, na kivuli chake kimegusa maji, aliisikia sauti ya wake. Shigela aliisikia yake akaketi chini papo hapo. Mzee Lugembe aliitwa babu, akaombwa asogee, kwa adabu, kama mjukuu wake alivyokuwa akimwomba alipokaa mlangoni. Mzee aliiachia ngozi. Wengine wakaiachia. Walirudi nyuma hatua kwa hatua, wakichungulia vivuli vyao viliko, kama watu waliokanyaga makaburi bila kujua. Ngozi ikazama upande mmoja, wakaivuta kutoka nchi kavu, wakaanza kuikatakata.

Nkwimba alikuwa bado amesimama majini. Alitaka kuisikia sauti ile tena, alitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na kuisikia ilikuwa rahisi. Ilimtosha kubaki pale pale. Angemziba kidogo tu, mtoto angesema tena, angesema "mayu" tena, pengine kwa kero, lakini angesema. Wenzake walimwona kutoka ukingoni jinsi alivyokawia. Walimwona pia alipotoka. Alisogea pembeni, polepole, akiuvuta mguu mmoja baada ya mwingine, mpaka kivuli chake kikaangukia udongo mkavu. Wekundu ukaingia pale alipokuwa, ukafunika mahali pa kichwa na pa mikono, na maji yakatulia.

Hakuisikia sauti ile tena maisha yake yote. Alikuwa akija kila alasiri, anakaa upande wa mashariki wa ziwa, uso juani, kivuli nyuma yake, na anabaki hapo macho yakimtoka machozi kwa ukali wa mwanga. Wasiomjua walidhani analia kila siku, na sidhani kama walikosea sana.

Na tangu siku hiyo maji ya Kasubuya ni mekundu, na hukimbia kivuli. Na ukilikata tope la ukingoni kwa jembe utaona watoto walivyopangana. Juu kabisa ni kijani. Hao ni wakubwa, waliokuwa wakikwangua karibu na ukingo, ambao mwanga uliwafikia kwanza ngozi ilipopasuliwa, na mpaka leo wao ndio hula kwanza. Chini yao ni zambarau, ndio wadogo waliokuwa ndani zaidi, na wanakula ule mwanga unaopenya baada ya kaka na dada zao kushiba. Chini ya hao ni weusi unaonuka yai bovu, na huo hatuuchimbi, maana ni wa gizani, umechanganyika na kile alichokirudisha Shigela.

Mwaka juzi walikuja vijana wa chuo kikuu na darubini, wapole, wenye heshima zao. Waliweka tone la maji chini ya kioo, wakapitisha mwanga mwembamba, wakatuita tuangalie. Tuliona vitu vidogo vikikimbilia penye mwanga, na kila kimoja kilichofika mpakani mwa giza kilishtuka kikageuka kurudi. Walitueleza kwamba vina uhai, kwamba chakula chao ni jua, kwamba kila kimoja mwili wake wote ni kama jicho. Tuliwashukuru sana, tukawapa chumvi. Tuliwaomba tu lile tone walirudishe ziwani kabla hawajazima taa.

Hapa chumvi haifunikwi. Huota na vumbi lake, ina wekundu kidogo, na anayetaka nyeupe aende akanunue kwingine. Mtoto haingizwi kwenye jaruba. Na sisi wakubwa tunafanya kazi tukilielekea jua, asubuhi upande huu na alasiri upande ule, ili vivuli vyetu vianguke nchi kavu. Kazi ya namna hiyo inachoma. Tazameni nyuso zetu zilivyokunjamana kabla ya umri. Wageni huwaonea huruma wanawake wetu, huwaambia, geuka basi mama, lipe jua mgongo, mbona unajitesa? Na mwanamke wa Kasubuya hatainua hata kichwa. Atakwangua chumvi yake, macho ameyafinya, amjibu mgeni kwa sauti ya chini.

"Nampisha mtoto."